RoboCop: Rogue City – maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachezaji wa Unguja na Pemba

Maswali haya yanatoka kwa wanaokuja kucheza hapa Mwembetanga, mjini Unguja, na kwa ndugu zetu wa Chake Chake na Wete wanaotuma sauti za WhatsApp usiku wakikwama. Anayejibu ameimaliza gemu hii, akairudia, na anaipenda kwa dhati. Siri za hadithi hazimo, isipokuwa mambo ya mwanzo mwanzo ambayo hayamharibii mtu raha.

Hii ni gemu gani khasa?

Ni gemu ya risasi unayoiona kwa macho ya mhusika mwenyewe, na imetokana na filamu ya RoboCop ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Mholanzi Paul Verhoeven. Walioitengeneza ni Teyon, studio ya Poland, na walioitoa ni Nacon wa Ufaransa. Iliingia sokoni tarehe 2 Novemba 2023.

Wewe ni Alex Murphy, polisi wa Detroit aliyeuawa kinyama na majambazi. Kampuni iitwayo OCP ikachukua kilichobaki cha mwili wake, ikakitia ndani ya chuma, ikampa jina jipya la RoboCop, au Robo kwa ufupi, na kumrudisha kazini. Gemu inasimulia kisa chake kipya, kilichowekwa baina ya filamu ya pili ya 1990 na ya tatu ya 1993. Dawa ya kulevya iitwayo Nuke bado imetapakaa mitaani, genge la Torch Heads linavamia kituo cha televisheni cha Channel 9, na kuna mtu mgeni ameingia mjini anataka biashara yote iwe yake.

Sauti ya Murphy ni ya Peter Weller mwenyewe, yule aliyevaa gwanda la chuma katika filamu mbili za mwanzo. Kwa anayeijua filamu, ile sauti kavu ikitoka kwenye spika tu, mwili unasisimka.

Lazima niwe nimeiona filamu?

Si lazima, gemu inakueleza ya kutosha. Lakini ukiweza, iangalie kwanza ile ya 1987, ukiwa mtu mzima na watoto wamelala.

Jambo kubwa unaloweza kulikosa ni hili la OCP. Kampuni hii haiuzi mashine peke yake. Imepewa jeshi la polisi la mji liwe chini yake, na inataka kuibomoa Old Detroit, sehemu kongwe na maskini ya mji, ijenge mji mpya uitwao Delta City. Kila unachokifanya ndani ya gemu kina kivuli cha mpango huo.

Mtu aliyekulia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, hahitaji kuelezwa sana. Maghorofa marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, yalisimama pale palipokuwa na nyumba za udongo na barza zake, na wazee mpaka leo wanaweza kukuonesha kwa kidole nani alikuwa jirani wa nani. Hapa ilikuwa serikali, na watu walipatiwa makaazi ya saruji yenye maji na umeme. Kule ni kampuni inayotafuta faida, na mkaazi hana wa kumlilia. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ila hisia ya kuona mtaa wako umechorwa upya kwenye karatasi ya mtu mwengine, hiyo tunaijua, na ndiyo iliyonifanya nisiipite mitaa ya Old Detroit mbio mbio.

Itakwenda kwenye PS4?

La. Ni PS5, Xbox Series X na S, na kompyuta. Toleo la Nintendo Switch lilitangazwa kisha likafutwa. Ukiambiwa kuna sidi ya PS4 ya gemu hii, usitoe pesa yako.

Mwenye PS4 asikate tamaa. Studio hiyo hiyo ya Teyon ilitoa Terminator: Resistance mwaka 2019, nayo pia imetokana na filamu za zamani za mashine na binadamu, na hiyo inakwenda PS4. Ukiicheza utaona walipojifunzia kazi.

Kompyuta yangu itaiweza?

Kiwango cha chini kilichotajwa na watengenezaji ni prosesa ya Intel Core i7-4790 au AMD Ryzen 5 2600, RAM ya GB 16, na kadi ya grafiki ya GeForce GTX 1650 au Radeon RX 480 yenye GB 4. Nafasi kwenye diski ni GB 51. Gemu imejengwa kwa Unreal Engine 5, programu nzito ya kuundia gemu, kwa hivyo laptop za ofisini zisizo na kadi ya grafiki yake mwenyewe hazitafua dafu.

Ukinunua kompyuta iliyotumika, iwe Darajani au iliyovuka na boti kutoka Dar, usitosheke na maneno ya "hii ina i7". Zipo i7 za miaka mingi nyuma. Ifungue, soma jina kamili la prosesa, soma jina la kadi ya grafiki, kisha ndiyo uzungumze bei. Na laptop ikipata moto iinue kidogo chini ipate hewa. Joto letu la Februari na Unreal Engine 5 havipatani.

GB 51 nitazipata wapi? Bando litaisha!

Litaisha kweli ukipakua kwa simu kiholela. Njia ni hizi.

Ukiwa PS5, tafuta sidi. Bado utapakua marekebisho, lakini si gemu nzima kutoka mwanzo.

Ukiwa kwenye kompyuta na unatumia Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, shirikianeni. Kila mmoja anainunua kwa akaunti yake, lakini anayepakua ni mmoja. Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyengine ndani ya mtandao mmoja wa Wi-Fi, bila kugusa bando. Na kama rafiki yako yuko Mkoani, Pemba, na wewe uko mjini, mafaili yanaweza kunakiliwa kwenye diski ya kubebeka yakavuka na boti. Yeye akishayaweka, Steam itayakagua na kupakua kilichopungua tu.

Mara ya kwanza ifungue ukiwa na intaneti. Baada ya hapo ni gemu ya mtu mmoja, haihitaji mtandao wa mfululizo.

Umeme ukikatika nimo katikati ya misheni?

Gemu inajihifadhi yenyewe ukifika sehemu maalumu, kwa hivyo utarudi nyuma kidogo, hutaanza upya. Hatari ni kwa mashine. PS5 inayozimika ghafla wakati inaandika kwenye diski inaweza kuharibu faili la maendeleo yako. Ukiiona alama ya kuhifadhi kwenye pembe ya skrini, tulia, usibonyeze kitu mpaka ipotee.

Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na wenye umri wao wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Siku hizi hali ni nyengine, lakini kule kukatika na kurudi kwa kishindo bado kupo. Nunua stebilaiza ya kusawazisha umeme kabla hujanunua pedi ya pili. Ukiweza na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, bora zaidi. Na kabla ya misheni ndefu, tupia jicho mita yako ya Tukuza. Wengi wanaolaumu gemu walikuwa wameishiwa uniti.

Mbona Robo anatembea polepole hivi? Nakufa kila saa.

Hili ndilo swali la kwanza la kila anayetoka kwenye gemu za vita za kukimbia, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ukilielewa hili umeielewa gemu yote.

Robo harukiruki. Hachuchumai. Hajifichi kwa kulala chini. Kila hatua ni chuma kinagonga sakafu, na pedi inakutetemekea mkononi. Watengenezaji wameufuata mwendo wa filamu. Peter Weller alijifunza mwendo ule kwa mwalimu wa sanaa ya viungo, Moni Yakim, na akiwa ndani ya gwanda lililobuniwa na Rob Bottin, kichwa kinageuka kwanza, kiwiliwili kinafuata, miguu mwisho. Ndani ya gemu utauhisi uzito ule ule.

Kwa hivyo usikimbizane na maadui. Wao ndio wakukimbie. Unaingia mlangoni, unasimama, unachagua. Wa kwanza ni yule mwenye bunduki nzito au bomu, si yule aliye karibu. Lenga kichwa. Aliyekusogelea usimpigie risasi, mkamate shingoni, mrushe kwa mwenziwe. Kiti, skrini ya kompyuta, hata pikipiki iliyoegeshwa, vyote vinainuliwa na kurushwa. Risasi nyingine zitakupata, na ni sawa, chuma kimeumbwa kwa hilo. Chombo cha kujitibu kimoja unakitumia kabla hali haijawa mbaya, maana uhai wako hapo mwanzo haujirudishi wenyewe, na vyombo unavyobeba vina kikomo.

Angalia kijana anayecheza kwa mara ya kwanza: mabega juu, pedi ameikaba, anazunguka zunguka chumbani huku risasi zinampata mgongoni. Mwambie asimame tu katikati ya mlango, ahesabu maadui kwa macho, ampige mmoja mmoja. Mabega yatashuka yenyewe. Na muziki wa Basil Poledouris ukiingia mahali pake, ule wa filamu ya kwanza, hata waliokaa nyuma kusubiri zamu wananyamaza.

Auto-9 ni bora, au niokote bunduki za maadui?

Baki na Auto-9. Ndiyo bastola yake ya filamu, ile anayoitoa pajani, na risasi zake haziishi, unapakia tu upya. Za kuokota zina risasi za kuhesabu. Ziokote ukikabiliana na kitu kikubwa.

Uzuri wake uko kwenye bodi. Utapata bodi za kielektroniki na vichipu vya kupanga juu yake, umeme upite kutoka mwanzo mpaka kwenye nafasi zinazokupa nguvu: risasi kupenya zaidi, kupakia haraka, na kadhalika. Njia mbaya ukizipitisha umeme zinakupunguzia uwezo. Kaa nayo, usiipange kwa pupa. Vichipu dhaifu vinaunganishwa kuwa vyenye nguvu, kwa hivyo usivipuuze unavyovipata mwanzoni.

Pointi za ujuzi niziweke wapi?

Kuna matawi manane, yakiwemo ya mapigano, kinga ya mwili, uhai, uhandisi, umakini na upelelezi. Wengi wanamwaga zote kwenye mapigano. Mimi nakwambia anza na upelelezi na saikolojia. Zinakufungulia maneno zaidi kwenye mazungumzo na njia za kupata uzoefu zaidi, na uzoefu huo ndio unaoleta pointi nyengine. Halafu ndiyo uhai. Uhandisi nao una raha yake: bunduki za mitambo za adui zinageuzwa zikufanyie kazi wewe.

Nimpe mtu faini au nimuonye?

Swali zuri kuliko yote, na nafurahi kila likija.

Baina ya misheni za risasi unaachiwa mtaani kama polisi wa kawaida. Kuna gari zimeegeshwa vibaya, unaziandikia faini. Kuna vibaka, walevi, vijana wenye makosa madogo. Kuna siku unawekwa kaunta ya kituo kupokea malalamiko ya raia, kila mmoja na lake, mengine ya kuchekesha na mengine ya kusikitisha. Mara nyingi gemu inakupa uchaguzi: simamia sheria, au tumikia imani ya umma. Ukishika sheria unapata uzoefu papo hapo. Ukimsamehe mtu, watu wa mtaa wanakuamini zaidi.

Mimi nasema usicheze kwa kuhesabu pointi. Msikilize mtu. Murphy alitiwa ndani ya mashine amri tatu za wazi: kutumikia imani ya umma, kuwalinda wasio na hatia, na kusimamia sheria. Kuna siku amri ya kwanza na ya tatu zinagongana mbele ya macho yako, juu ya kijana mmoja aliyekosea, na hakuna afisa wa OCP aliyepo kukuamulia. Hapo ndipo unapojua kama ndani ya chuma bado kuna Murphy. Wengi wanaisifu gemu hii kwa vichwa vinavyopasuka. Kwangu mimi inasimama juu ya zile dakika za kaunta. Polisi anayejua jina la mtu wa mtaani kwake ni kitu kimoja, na polisi anayemilikiwa na kampuni ni kitu kingine, na gemu inakulazimisha uwe wote wawili kwa pamoja.

Uamuzi wako unahesabiwa. Mwishoni utaoneshwa yaliyowapata baadhi ya watu uliowagusa, wengine kwa heri, wengine si kwa heri. Kwa hivyo usibonyeze kitufe cha kupita maneno.

Kiingereza changu kidogo. Nitaielewa?

Maandishi ya chini yapo kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Hili linaniuma, maana gemu ina maneno mengi na maneno yenyewe ni mazuri.

Tunachofanya sisi ni hiki. Anayejua lugha anakaa pembeni ya anayecheza, anasoma na kutoa kwa Kiswahili palepale, kama wale wanaotia sauti filamu za kutafsiriwa. Kuna kijana wa skuli ya sekondari anafanya hivyo vizuri mno. Daktari wa OCP anapomhoji Robo kuhusu ndoto zake, kijana anapunguza sauti, anatafsiri kwa taratibu, "Unaota? Unamuona nani?", na chumba kizima kinasubiri jibu. Jambazi akitukana, yeye anasema tu "katukana" na kuendelea, kwa heshima ya waliopo.

Ukicheza peke yako, punguza kasi. Maandishi ya chini yafanye makubwa kwenye mipangilio, na neno usilolijua lipige kamusi kwenye simu. Majina ya kukumbuka ni machache: Lewis ni mwenziwe wa kazi na rafiki yake wa kweli, Reed ni sajini wa kituo, Washington ni polisi mpya anayepewa kufuatana naye, na Becker ni mtu wa OCP wa kumtilia shaka tangu siku ya kwanza.

Tunaweza kucheza wawili?

Hapana. Pedi moja, mtu mmoja. Pokezaneni kila misheni.

Watoto wanaruhusiwa?

La, na hapa sina mjadala. Huko Ulaya gemu hii imepewa alama ya PEGI 18, yaani si ya walio chini ya miaka 18. Damu ni nyingi, viungo vinakatika, matusi yapo, na dawa za kulevya ndiyo hadithi yenyewe. Filamu ya 1987 ilirudishwa mara kadhaa na wakaguzi wa Marekani kwa ukali wake kabla ya kukatwa na kupewa daraja la kuoneshwa kumbi za kawaida, na gemu imeifuata njia hiyo.

Wenye vibanda, nawaomba. Alasiri watoto wanatoka chuoni na juzuu zao mkononi, wanapita mlangoni kwako na kuchungulia. Saa hizo weka mpira. RoboCop iwe baada ya isha, mlango umerudishwa, na waliopo ni watu wazima. Mzazi anayekuja kumtafuta mwanawe asikute kichwa kinalipuka kwenye skrini ya inchi 55, kwa sababu kesho atakwenda kwa sheha, na atakuwa na haki.

ED-209 inanishinda. Nifanyeje?

Lile ni lidude la OCP lenye miguu miwili na bunduki kwenye mikono, lile lililomuua mtumishi wa kampuni mbele ya mkutano katika filamu. Kule lilisogezwa picha moja moja kwa mkono na Phil Tippett na timu yake, na ndani ya gemu wameuhifadhi ule mshtuko wa mwendo wake.

Usisimame uwanjani. Shika nguzo. Liache limalize mvua yake ya risasi, toka, lipige, rudi. Hapa ndipo bunduki nzito za kuokota zinapofaa, kwa hivyo usizimalize kwa majambazi wadogo njiani. Ukiona mapipa ya kulipuka karibu nalo, anza na hayo. Na vyombo vya kujitibu uingie navyo vimejaa. Kama huna hata kimoja, rudi nyuma uvitafute kabla hujavuka mlango.

Ni ndefu kiasi gani, na nikiimaliza kuna nini?

Ukifuata hadithi tu, ni kama saa kumi. Ukifanya na kazi za mtaani, ukakusanya ushahidi na kuzungumza na kila mtu, zinazidi sana, na ndivyo inavyotakiwa ichezwe. Waliongeza pia njia ya kuianza upya na ujuzi uliokwisha kuupata, kwa anayetaka kuirudia na kuchagua tofauti.

Kisha ipo Unfinished Business, iliyotoka Julai 2025. Inasimama peke yake, huhitaji kuwa na ile ya kwanza. Karibu yote inakwenda ndani ya OmniTower, jengo refu la OCP, ghorofa juu ya ghorofa, na ina mapigano mengi kuliko mitaa. Kuna sehemu unamcheza Murphy kabla hajawa chuma. Ni nzuri, lakini mitaa na ile kaunta ya kituo nilizikosa. Kama pesa inatosha moja, nunua Rogue City. Hiyo nyengine subiri ishuke bei.